Uliyeita ambulansi usiku, huna kosa

Wapo watu wanaoamka asubuhi na aibu nzito kuliko maradhi yaliyowapeleka hospitali usiku. Kifua kilibana, moyo ukaenda mbio, vidole vikakakamaa, midomo ikafa ganzi, wakajua mwisho wao umefika. Wakapiga simu, au wakamwamsha jirani awapigie. Ambulansi ikaingia, taa zikamulika ploti nzima, na hospitalini wakaambiwa moyo ni mzima, lile lilikuwa shambulio la hofu. Tangu hapo hawana raha. Wanajiuliza kama waliwasumbua watu bure, na kama kuna majeruhi barabarani aliyekosa gari kwa ajili yao.

Tunawaambia waziwazi kwamba walifanya sawa.

Anayedai walipaswa kujua kuwa ni hofu tu, atueleze wangejuaje. Shambulio la hofu na shtuko la moyo huja na dalili zinazofanana mno: jasho, kubanwa kifua, kukosa pumzi, kichefuchefu. Mwenye hofu hupumua harakaharaka, kabonidioksidi ikapungua kwenye damu, na hapo vidole na midomo huanza kuchonyota. Hayo yanatokea mwilini kweli, hakuna maigizo ndani yake. Daktari mwenyewe hatofautishi kwa macho. Humlaza mgonjwa, akambandika vibandiko vya waya kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikatema ukanda wa karatasi wenye mistari ya mapigo. Mara nyingi hata hilo halitoshi: hutolewa damu ya kupima troponini, na baada ya saa chache ikatolewa tena. Ikiwa mtaalamu mwenye vifaa vyote hivyo anangoja saa kadhaa kabla ya kusema neno, mtu anayetetemeka sakafuni saa nane usiku tunamdai nini?

Kosa linaloua ni la upande wa pili, la kudhani moyo unaosumbuka ni wasiwasi. Wanawake ndio wanaoumia zaidi hapa. Pamoja na kifua, shtuko la moyo kwao huweza kuja kama uchovu usioeleweka, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au ya taya, na wapo waliorudishwa nyumbani wakiambiwa wapumzike. Sasa mchukue mama aliyekwisha kusemwa bombani asubuhi, mbele ya ndoo za majirani, kwamba alileta ambulansi kwa mambo ya kichwa. Siku moyo wake utakapogoma kweli, atavumilia hadi kukuche. Hofu yetu kubwa iko hapo.

Tunakubali kwamba wapo wanaopiga 999 au 112 kwa mzaha, na wanastahili kukemewa, maana wanaziba laini ya mwenye shida. Lakini tusiwachanganye. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamlenga anayempa mtumishi wa umma taarifa ambayo anajua au anaamini kuwa ni ya uongo. Aliyesema “nakufa” huku akiamini anakufa hakudanganya mtu. Nayo Katiba ya 2010, katika Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikuweka sharti kwamba kwanza vipimo vyake vitoke vibaya.

Bili ni jambo jingine. Ambulansi nyingi nchini ni za kulipia, na kulipishwa kisha ukaambiwa hukuwa na kitu kunauma. Lawama hapo ni ya mfumo unaomwacha mgonjwa ahesabu pesa kabla hajaomba msaada. Serikali za kaunti zinalijua hilo, na zilishughulikie.

Kwa wahudumu wa afya tuna ombi. Acheni kusema “huna kitu, nenda nyumbani.” Ana kitu, kina jina, na kinatibika, kwa tiba ya mazungumzo na kwa wengine kwa dawa. Mwambieni: “Mama, moyo wako tumeupima, uko salama. Kilichokupata ni hofu kali, hufika kileleni kwa dakika chache kisha hushuka. Kliniki ya afya ya akili ni Jumatano, karatasi yako hii hapa.” Tunajua foleni ya majeruhi ilivyo usiku, na tunajua mlivyochoka. Hata hivyo dakika hizo tano zitapunguza simu za usiku kuliko kumfokea mtu.

Majirani nao wasaidie. Omba msaada kwanza, kisha kaa naye, ongea polepole, mwelekeze atoe pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Usimzibe mdomo na pua kwa mfuko wa karatasi kama tunavyoona kwenye sinema. Ikiwa ni pumu au ni moyo, unaweza kumwangamiza.

Nawe ambaye simu ya usiku ule bado inakukera, nenda kituo cha afya mchana, ukiwa umetulia, ueleze yote yalivyokuwa. Omba wakupime presha, sukari, upungufu wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu hitilafu za hizo nazo huufanya moyo uende mbio. Ukitaka mtu wa kuzungumza naye, namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni ya bure. Na kifua kikibana tena usiku, piga simu tena.