Msichana akichoma, mnasema ni mapepo

Wasee, tuache unafiki. Bweni la wavulana likiungua mnasema bangi na jeuri. Msichana akiwasha moto mnasema mapepo, ama ameachwa na mpenzi. Hukumu iko tayari kabla ya mtu kuuliza swali hata moja.

Tukio la Moi Girls Nairobi, Septemba 2017, mnalikumbuka. Wasichana 10 walikufa. Aliyepatikana na hatia ya kuua bila kukusudia alikuwa na miaka 14 wakati wa moto, na mwaka 2022 akafungwa miaka mitano. Mtandaoni watu walimwita shetani, wakafunga mjadala.

Sasa sikiza. Sweden walichunguza watu 1,689 waliohukumiwa kwa kuchoma mali kati ya 1988 na 2000. Wanawake walikuwa 349 tu. Skizofrenia ilionekana zaidi kwa wachomaji kuliko kwa raia wa kawaida, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake. Tafiti zingine zinaonyesha wanawake hawa mara nyingi walishadhulumiwa ama kujijeruhi kabla hata ya kugusa kiberiti. Kwa wanaume, pombe na makosa mengine hujitokeza sana. (Na usianze kuogopa jirani yako mwenye skizofrenia. Wengi wao hawatawahi kuchoma kitu.)

Kuna mtu ataniambia natetea wauaji. Zii. Kuna wazazi walizika watoto, na sheria yetu inaruhusu kifungo cha maisha kwa kuchoma jengo. Mimi nauliza nani aliongea na huyo mtoto kabla.

Na msidhani wavulana wako sawa. Nilisoma shule ya bweni, sitaitaja. Tulipanga kuchoma bweni letu, watu kama kumi, juu ya maharagwe yenye wadudu na mtihani wa majaribio. Miaka yote nimekuwa nikisema sisi tulikuwa na hasira tu. Lakini msee aliyeleta petroli alikuwa amezika mamake muhula huo huo. Hakuna mwalimu alimuuliza kitu, na sisi marafiki zake pia hatukumuuliza. Tulimwita mwanaume kwa sababu hakulia.

Mpango ulivuja, tukachapwa, yeye akafukuzwa. Chumba cha ushauri nasaha tulikuwa nacho, kimeandikwa mlangoni na rangi ya kijani. Ndani kulikuwa na viti vilivyovunjika mpaka dirishani.