SEHEMU YA 4: "Imefanyiwa utafiti kwa panya" sio dawa, mama!

Mama zangu, dada zangu, tuendelee. Leo nawageukia wauza chupa za "kuzibua mishipa ya moyo" huku mitandaoni. Ukiwabana wanakwambia eti imefanya kazi kwa panya. Sawa. Sikilizeni kisa hiki.

Mshtuko wa moyo mara nyingi unatokea damu ikiganda ndani ya mshipa wa moyo na kuuziba. Mshipa ukizibuliwa, seli nyeupe za damu zinakimbilia pale, zinajinatisha kwenye ukuta wa mshipa kwa molekuli zilizo kama gundi, na zinaweza kuuongezea madhara msuli ulioumia. Watafiti wakasema, tuzuie gundi! Wakatengeneza kingamwili ya kuzuia gundi moja inayoitwa CD18. Kwa wanyama wa maabara, sehemu ya msuli iliyokufa ilipungua. Matumaini yakapanda.

Wakaja kwa binadamu. Jaribio la LIMIT AMI, 2001, wagonjwa 394: hakuna faida. HALT-MI, 2002, wagonjwa 420: hakuna pia. Wakatangaza wazi kwamba imeshindikana.

Sasa wewe muuza chupa, kama dawa iliyopimwa hatua kwa hatua iligoma kwa binadamu, ya kwako umempima nani?

Na msiniambie natetea dawa za bei mbaya. Aspirini ni kidonge cha bei ya chini kabisa, kinazuia chembe sahani za damu zisigandane. Mwaka 1988, jaribio la ISIS-2 liliwapima wagonjwa zaidi ya 17,000 wenye mshtuko wa moyo. Aspirini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa karibu robo. Hiyo ndiyo inaitwa kuthibitishwa! Ila msimeze kiholela, wengine inawaletea damu kuvuja.

Jamani, msuli wa moyo unakufa dakika kwa dakika. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi, kwenye taya au mgongoni, kijasho chembamba, pumzi inakata: usiseme ni gesi, usisubiri chupa ije na bodaboda. Hospitali, saa hiyo hiyo!

Msikubali kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Muulizeni swali moja tu: walipimwa WATU wangapi? Akijibu panya, kata simu.

Mtumie na baba watoto, mtumie na mama mkwe. Sehemu ya 5 inakuja.