Kabla ya Kupitisha Ramani ya Ukumbi

Ndugu msomaji, juma hili nina jambo lililonikalia kifuani tangu kikao cha kamati kilichopita.

Mfadhili mmoja, Allah amlipe kheri, ametuletea ramani ya ukumbi utakaojengwa ubavuni mwa msikiti wetu: mahali pa semina, harusi, maktaba na madrasa ya jioni. Ramani inapendeza. Ina kuba mbili za rangi ya dhahabu na ukuta mrefu wa vioo unaotazama barabarani, ili kila mpita njia ajue kwamba hapa wapo Waislamu. Wajumbe wengi waliikubali kabla chai haijapoa. Mimi kalamu ya ukatibu ilinigoma, kwa sababu barabara yetu iko magharibi, na watoto wa madrasa huingia saa tisa alasiri.

Nilikumbuka habari za Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu yaliyopo Doha, nchini Qatar. Msanifu wake ni I. M. Pei, Mmarekani aliyezaliwa China mwaka 1917. Hakuwa Muislamu. Alipoombwa kazi ile alikwisha kustaafu na umri wake umepita miaka 80, lakini hakukimbilia kuchora. Alisoma kwanza sira ya Mtume (s.a.w.), kisha akafunga safari kutafuta kiini cha ujenzi wa Kiislamu. Cordoba aliona uzuri, ila uzuri wenye harufu ya Hispania. Fatehpur Sikri aliiona India, na Damascus akauona mkono wa Warumi. Ngome kongwe za Tunisia zilimkaribisha zaidi, bali bado.

Alichokitafuta alikikuta Cairo, katika ua wa msikiti wa Ibn Tulun uliojengwa karne ya 9. Katikati ya ua ule limesimama banda la kutawadhia lililoongezwa karne ya 13. Halina mapambo ya kumzuga mtu. Chini ni mraba. Juu yake mraba unakatwa pembe na kuwa wa pande nane. Pande nane zinapokea kuba. Kazi iliyobaki hufanywa na jua. Asubuhi upande mmoja una nuru na wa pili una kivuli, adhuhuri vivuli vinanywea, alasiri vimehamia kwingine. Jengo ni lile lile, na halifanani nafsi yake saa mbili mfululizo. Hapo Pei akafahamu kwamba katika nchi ya jangwa, jua ndilo fundi mwenza.

Tazama basi alivyojenga. Alikataa viwanja vya ufukweni alivyoonyeshwa, akihofu kwamba majengo ya baadaye yangekuja kulisonga jengo lake, akaomba kisiwa kitengenezwe baharini, kiasi cha mita 60 kutoka ufukweni. Kuta akazifanya nzito, zenye madirisha machache, kwani jua la Ghuba si la kuchezewa. Kioo kikubwa hakukinyima nafasi: kipo kimoja, kirefu cha mita 45, lakini kinatazama kaskazini, baharini, upande ambao jua la nchi ile haliupigi kwa ukali. Kuba nayo ipo, ila imefichwa ndani ya mnara. Aliye nje haioni mpaka aingie. Jengo lilifunguliwa mwaka 2008, mzee akiwa na miaka 91.

Lawama yangu ni moja: mawe yake ya chokaa yalitoka Ufaransa. Mtu aliyesafiri kote kule kulitafuta jua la Waislamu, akaishia kuagiza mawe Ulaya! Lakini pengine mwenye mafuta hahesabu nauli. Sisi tunahesabu.

Wala hatuna haja ya kwenda Cairo. Wazee waliojenga msikiti wetu hawakuacha hata ramani moja ya karatasi, ila waliacha jengo. Kwetu pwani hii kibla kiko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo safu zinalala kutoka mashariki kwenda magharibi, na kuta zinazopigwa na jua ni zile fupi mbili tu. Mlango mkuu uko kusini, na upepo wa kusi unapovuma unaingia bila kubisha hodi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtoto hukaa dirishani akasoma juzuu yake. Mgeni haulizi kama pale ni msikiti wa Waswahili.

Ukumbi ulioko kwenye ramani umegeuziwa mgongo huo wote. Na ili vioo vionekane barabarani, mkwaju utakatwa. Nimekipima kivuli chake kwa hatua zangu: saa kumi kinafika mlango wa madrasa.

Sikusudii kumvunja moyo mfadhili wetu, na barua ya shukrani nimekwisha kuiandika. Nimeongeza ombi moja tu. Kikao kijacho, badala ya kufanyika ofisini kwenye feni, kifanyike pale penye alama za chokaa ambapo ukuta wa vioo utasimama, nje ya kivuli cha mkwaju. Tutaanza saa tisa kamili. Mwenyekiti amekubali, na ameuliza kama anaruhusiwa kuja na mwavuli.