Petroli nyuma ya kiti

BARABARANI
Na Hamisi Kombo

Mwenye pikapu kuukuu akisikia harufu ya petroli ndani, mara nyingi hukimbilia dukani kununua marashi ya kuning'iniza kwenye kioo. Kesho yake gari linanukia limau na petroli kwa pamoja. Pesa imekwenda, na panapovuja hapajaguswa.

Wamarekani wanaofufua Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972 wanalijua tatizo hili vizuri. Katika magari hayo tangi, linalobeba zaidi ya lita 70, limesimama ndani ya kebini, nyuma kabisa ya mgongo wa dereva. Ford F-100 za miaka hiyo nazo zilikuwa hivyohivyo. Mdomo wa kujazia unatokea ubavuni, nyuma ya mlango, na umeungwa na tangi kwa kipande cha mpira. Mpira wenye umri wa miaka 50 unaweza kuonekana mzima kwa macho. Ukunje kwa vidole, uone nyufa zinavyofunguka.

Fundi makini huanza kwa kuuliza harufu inakuja saa ngapi. Ikija baada ya kujaza fulu tanki na kukata kona, anaushuku mpira huo. Ikija gari likiwa limeshinda juani limezimwa, anaangalia kifuniko, mpira wa kupumulia na gasketi ya geji ya mafuta. Ikija injini ikinguruma tu, anafungua boneti: huenda kabureta inafurika, au mpira wa ndani ya pampu umetoboka. Hapo huchomoa stiki ya oili na kuinusa. Ikinuka petroli, oili yote imwagwe, maana imeshakuwa nyepesi na haiwezi tena kulinda injini.

Usafi unafuata baada ya matengenezo, si kabla. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hutuama sakafuni; ukishafika puani, miguuni upo mwingi zaidi. Tena petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Dodoma saa saba mchana! Anayeingiza mashine ya kufyonza vumbi humo anaingiza cheche. Milango iachwe wazi kwanza, waya wa betri ufunguliwe, zulia litolewe, lifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Magadi ya kupikia husaidia kidogo kwa harufu inayobaki. Sponji ya kiti iliyokunywa petroli itupwe tu.

Mwaka 1973 General Motors walilitoa tangi ndani ya kebini na kulipeleka ubavuni, nje ya fremu. Harufu ikapungua, lakini yakazuka mabishano mengine kuhusu moto gari likigongwa ubavuni. Televisheni ya NBC ilionyesha jaribio la ajali mwaka 1992, na mwaka uliofuata ikaomba radhi kwa kuwa gari lilitegwa vifaa vya kuwasha moto. Hata hivyo, hakuna aliyedai tangi lirudishwe kwa abiria.

Huku kwetu linarudishwa kila siku. Hilux ya kabureta tangi lake liko chini, nje ya kebini, lakini dereva anayehofia kuishiwa njiani hupachika nyuma ya kiti dumu la lita tano lililokuwa la mafuta ya kula. Plastiki ile haikutengenezewa petroli, na kifuniko chake hakizuii mvuke gari likipata joto. Fundi anaweza kubadilisha kila mpira na harufu isitoke, kumbe chanzo kimefunikwa na koti la mwenye gari.

Anayelazimika kubeba akiba anunue dumu la petroli lenye kifuniko cha kukaza, alifunge nyuma kwenye bodi, na asilijaze hadi juu. Kituoni alishushe chini kabla ya kujaza, kwa sababu dumu lililokaa juu ya plastiki ya bodi linaweza kukusanya umeme tuli na kutoa cheche bomba linapoguswa.