Kufuta Rangi Hakuponyi Picha ya Maporomoko

Wapigapicha wana ushauri wanaoutoa bila kufikiri mara mbili: picha ya maporomoko ikikataa, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Maji ni meupe, mwamba ni mweusi, sasa rangi ya nini? Unabonyeza kitufe mara moja, kijani kinaondoka, na picha iliyopooza inajivika heshima ya picha za zamani.

Ushauri huo una ukweli kidogo, na nitaufikia. Ila msingi wake ni mbovu, kwa sababu unadhani picha isiyo na rangi ni picha ya rangi iliyopunguzwa kitu. Kumbe kila kijivu unachokiona humo kimezaliwa na rangi fulani. Asiyezijali rangi zake hapati kijivu cha maana.

Tuanze na hesabu, maana programu ya kuhariri picha haina ujuzi mwingine. Kila nukta ya picha ya kawaida ya kidijitali hubeba namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Kanuni moja iliyozoeleka ya kupata kijivu huchukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu, ikajumlisha. Sasa chukua ukingo wenye majani na udongo mwekundu, kama zilivyo kingo nyingi za mito ya nyanda zetu za juu. Tuseme jani lina nyekundu 90, kijani 120 na buluu 60, na udongo una 170, 80 na 50. Piga hesabu: jani linatoka 104 na kidogo, udongo karibu 104 vilevile. Vitu viwili ambavyo hata mtoto hawezi kuvichanganya vimekuwa kijivu kimoja, na ukingo mzima umegeuka uji. Mwenye picha atasema mwanga ulikuwa mbaya siku ile, kumbe kosa ni la kanuni aliyoiachia imwamulie.

Picha hiyohiyo, ukiipa nyekundu uzito wote, udongo unang'aa kwa 170 na majani yanazama kwenye 90. Ukikipa kijani uzito huo, majani yanapanda hadi 120 na udongo unashuka hadi 80. Hizo ni picha mbili zinazosema mambo mawili, na hakuna kati yake iliyo ya kawaida ambayo nyingine imeipotosha. Ndiyo maana kugeuza picha ni kuamua: rangi ipi iwe angavu, ipi ififie, na kwa nini.

Waliofanya kazi hii kabla ya kompyuta walilijua hilo vizuri. Mwaka 1927, Ansel Adams alipopiga picha ya mwamba wa Half Dome huko Yosemite, Marekani, alianza na kichujio cha njano mbele ya lenzi, kisha akakibadilisha kwa chekundu kilichokolea. Chekundu kilizuia buluu, anga likatoka karibu jeusi, na mwamba ukasimama peke yake. Bamba lake la kioo halikuwa na rangi hata moja, lakini yeye alikuwa akifikiri kwa rangi wakati wote.

Hoja ya pili ya watetezi wa kitufe ni kwamba njia hii huokoa picha iliyoharibika. Hapa tuulize: imeharibika wapi? Maradhi makuu ya picha za maporomoko ni maji yaliyoungua, yaani povu lililopata mwanga kupita kiasi hadi namba zote tatu zikafika 255. Changanya 255 tatu kwa uwiano wowote unaojumlisha asilimia mia. Jibu ni 255. Nyuzi za maji zilizopotea pale hazirudi. Wali ulioungua hauponi kwa kubadilishiwa sahani. Tena hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kijani kilichokuwa kikivuta jicho pembeni kimeondoka, na sasa doa tupu la katikati ndilo la kwanza kuonekana.

Vivyo hivyo kwa majani yaliyolowa manyunyu. Mng'ao wa anga juu ya jani bichi huficha kijani chake kwa weupe. Programu inayotafuta kijani ili ikififishe haikikuti. Dawa yake ni kichujio cha kukata mng'ao, nacho hufungwa kwenye lenzi palepale mtoni. Na anayelazimisha buluu ifanye kazi kubwa katika picha ya simu iliyokwisha kubanwa atavuna chengachenga na vipande vya mraba. Kwa kifupi, picha nzuri isiyo na rangi huhitaji picha ya rangi iliyo bora, wala si ile iliyoshindikana.

Ukweli kidogo nilioutaja ni huu: tatizo likiwa ni rangi yenyewe, kuiondoa ni tiba halali. Mwanga unaochujwa na miti mikubwa hupaka maji ukijani usiopendeza, na mara nyingine kivuli cha buluu na jua la njano hugongana ndani ya fremu moja. Hapo umbo la mwamba na mwendo wa maji vinaweza kubeba picha bila msaada.

Inabaki imani kwamba nyeusi na nyeupe ni kweli zaidi kwa kuwa haina mapambo. Nenda maporomoko ya Thomson, Nyahururu, ambako mto Ewaso Narok huanguka mita 74, baada ya mvua kubwa. Mto uliobeba udongo huwa wa kahawia, na kahawia ina nyekundu nyingi na buluu haba. Ipe nyekundu uzito, maji yale yanatoka angavu kana kwamba hayana udongo. Mwenye kutaka picha ya kutundika ukutani ana haki ya kufanya hivyo. Lakini mwandishi anayeeleza habari za udongo unaochukuliwa na mvua akiitumia picha hiyo, amefuta ushahidi wake mwenyewe, na hakuna msomaji atakayegundua.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kugusa kitufe ni moja: katika picha hii, ni rangi gani nataka iwe angavu na ipi iwe giza? Mwenye jibu aendelee, azipime rangi moja baada ya nyingine. Asiye nalo aiache picha na rangi zake. Na kama hata kwa rangi zake haifai, basi aifute yote.