Tuhesabu Maua Kabla ya Mizinga

KUTOKA MFARANYAKI
Na Sixmund Haule

Ukiuliza mazingira yamefanyiwa nini mwaka huu, utatajiwa idadi ya miche iliyopandwa na idadi ya mizinga iliyogawiwa. Ndizo namba zinazosomwa kwenye risala na kupigiwa makofi. Sina ugomvi na mfugaji wa nyuki. Asali ya miombo imesomesha watoto kuanzia Namtumbo hadi Tunduru, na mwenye mizinga yake porini huwahi kuzima moto kabla ya mtu asiye na kitu huko. Ninachokipinga ni dhana kwamba mzinga ukishatundikwa basi pori limehifadhika, na kwamba mche wowote ukiota, uwe umetoka Australia au popote, wadudu wetu wamepata chakula.

Wanaofuatilia habari za nje wamesikia wanasayansi wa Marekani wakilalamika kuwa nyuki wa asali anawanyima chakula nyuki wa porini. Kwao malalamiko hayo yana msingi ulio wazi, kwa sababu nyuki wa asali si mwenyeji wa kule: alipelekwa na walowezi wa Kizungu katika karne ya 17. Australia alifikishwa mwaka 1822. Hata sisi tumo katika historia hiyo. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa Brazil, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na kutoka Tabora yetu. Mwaka uliofuata makundi 26 yalimtoroka karibu na Rio Claro, yakazaliana na kusambaa nchi baada ya nchi, hadi mwaka 1990 yakaingia Texas.

Songea hali ni nyingine. Hapa nyuki wa asali yuko kwao, na makazi yake ya asili ni mapango ya miti ya miombo. Hakuna anayemwagiza kutoka nje. Mfugaji anatundika mzinga mtupu, anaupaka nta kidogo, anaondoka. Siku zikipita kundi linakuja lenyewe.

Urahisi huo ndio unaonitia wasiwasi. Mti wenye pango zuri haupatikani kila mahali, na uhaba wa mapango ni mojawapo ya mambo yanayoweka mpaka kwa idadi ya makundi porini. Ukirundika mizinga mia kwenye kilima kimoja, umejenga nyumba mia bila kuongeza hata ua moja. Kundi lenye nguvu lina makumi ya maelfu ya nyuki vibarua, na wakigundua mti uliochanua wanaelekezana kwa mchezo wao hadi wote waujue. Nyuki wengine hawana uwezo huo. Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na sehemu kubwa yao huishi mmoja mmoja. Jike anachimba tundu ardhini au anaingia kwenye kijiti kikavu chenye uwazi, anatengeneza donge la chavua, anataga yai juu yake, anaziba, kisha anaanza tundu lingine. Chavua ikipungua, watoto wake wanapungua, na hakuna ofisi itakayoandika taarifa, maana hana mzinga wa kuhesabiwa.

Kwenye hifadhi ya Teide, katika visiwa vya Canary vya Hispania, wafugaji hupeleka mizinga kwa wingi msimu wa maua. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2019 waliona kwamba mizinga ilipoingia, wadudu wengine walipungua kwenye maua, na mimea iliyotembelewa sana na nyuki wa asali karibu na mizinga ilizaa vibaya zaidi. Utitiri wa nyuki juu ya ua haukuwa dalili ya uchavushaji mzuri.

Sababu yake mkulima anaweza kuiona bustanini. Chukua ua la nyanya. Limeinama, na chavua yake imefichwa ndani ya koni ndogo ya njano inayotokea kwenye ncha tu. Anakuja nyuki mwenye mistari ya buluu tumboni, anaikumbatia koni kwa miguu yote, anatetemesha misuli ya kifua huku mbawa zimetulia, anatoa mvumo mkali wa nukta moja au mbili, na unga wa chavua unamwagika juu ya tumbo lake. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Ni kweli nyanya hutikiswa hata na upepo ikazaa, lakini ikitetemeshwa hivi huzaa vizuri zaidi, na jamii ya biringanya na ngogwe nayo hunufaika na mvumo huohuo. Kwenye pasheni, nyuki wa asali ni mdogo mno: anapita chini ya chavua, anakunywa nekta, anaondoka bila kugusa panapohusika. Anayefaa pale ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za mapaa yetu, ambaye tukimwona tunamwagia mafuta ya taa.

Kuhusu mimea ya kigeni, tusidanganyane: tungeing'oa yote tungekufa njaa. Mahindi yametoka Amerika, korosho za Tunduru asili yake Brazil, kahawa ya Mbinga Ethiopia. Papai nalo ni la Amerika, lakini huko Kenya mtafiti Dino Martins alionyesha kwamba wanaolichavusha ni nondo wa hapahapa, wale wenye mrija mrefu wanaoruka wakati wa magharibi, na kwamba nondo hao wanahitaji vichaka na miti ya asili. Mgeni anaweza kuishi na wenyeji. Shida ni mgeni anayechukua eneo lote.

Angalia mashamba ya miti upande wa Madaba, hasa Wino. Mipaina huchavushwa na upepo. Haina nekta hata tone. Hekta ya mipaina, kwa nyuki yeyote, ni hekta ya njaa. Mikaratusi, au milingoti kama wengi tunavyoiita, ina maua mengi na asali yake ni nzuri, kwa hiyo watu husema tumewapandia nyuki. Tumempandia nyuki wa asali, kwa msimu mmoja. Makundi yananenepa wakati milingoti imechanua, na maua hayo yakiisha, vibarua wale wote wanahamia kwenye mabaki ya miombo yaliyobaki mabondeni.

Tena kuna lantana, kichaka cha maua ya machungwa na waridi kilicholetwa kuwa pambo la bustani kikageuka gugu. Huko Australia utafiti uliotoka mwaka 2004 ulionyesha kwamba nyuki wa asali ndiye aliyekuwa akiichavusha kwa wingi: mgeni mmoja akimsaidia mgeni mwingine kuenea. Habari njema zinatoka jirani zaidi, kisiwani Mahé, Shelisheli. Watafiti walichagua vilima 8 vya mawe, wakaondoa vichaka na miti ya kigeni kwenye vinne, mdalasini ukiwemo. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yanasema aina za wachavushaji ziliongezeka kwenye vilima vilivyosafishwa, na mimea ya asili ikazaa matunda zaidi.

Sisi tunacho cha kupoteza. Msuku una mti dume na mti jike; bila mdudu wa kubeba chavua kutoka huku kwenda kule hakuna masuku barabarani wakati wa mvua. Nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao wazee wanaitafuta kwa dawa, wanaishi ndani ya magogo tunayoyachoma kila Septemba, na wanaoifuata asali hiyo mara nyingi wanaukata mti mzima.

Kwa hiyo mizinga na igawiwe, ila itawanywe, na kila hifadhi ibakize upande usio na mzinga hata mmoja. Moto wa kusafisha pori uwashwe mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Magogo makavu yaachwe. Vijito vinavyoshuka Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, visipandwe milingoti kingoni. Anayepiga dawa shambani asubiri jioni.

Na fungu la mizinga likija tena mezani, madiwani wamuulize ofisa nyuki: ndani ya kilomita mbili kutoka itakapotundikwa, nini kinachanua Januari, mvua zikiwa zimekolea na nyuki wana njaa? Jibu likiwa milingoti peke yake, fedha hizo zianze na kitalu cha mininga na misuku.