Visanamu vya plastiki: nani kawaambia lazima mkwangue rangi?

Mitihani ya katikati ya muhula imekwisha, theluji bado imetuganda mlangoni, na kuna hoja imenikaa kooni wiki ya pili sasa. Inahusu visanamu. Najua wapo watakaosema "huyu kaenda Marekani kusoma, sasa anacheza na midoli". Semeni tu.

Kwa wasiojua, hapa Wisconsin ndiko ulikochapishwa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, dadu ndizo zinazoamua nani anakufa. Visanamu vinawekwa mezani kuonyesha nani kasimama wapi. Mtu mzima ana urefu wa kama sentimita 3 hivi, zimwi linamzidi mara mbili.

Zamani visanamu hivi vilikuwa vya madini, unanunua vitupu, unapaka mwenyewe. Mwaka 2000 kampuni ya WizKids ikatoa mchezo wa Mage Knight wenye visanamu vya plastiki vilivyokwisha kupakwa rangi. Mwaka 2003 Wizards of the Coast nao wakatoa vya Dungeons & Dragons, 2004 vya Star Wars. Vilikuwa vinauzwa kwenye boksi lililofungwa, hujui umepata nini mpaka ulipasue. Bahati nasibu kabisa! Watu wakarundika mifupa yenye mapanga kumi na mbili ili wapate dragoni mmoja. Vya Star Wars vilisimama 2010, vile vya Dungeons & Dragons vya kampuni hiyo vikasimama 2011, lakini vilivyobaki viko kibao, na muhula ukiisha unavikuta kwenye maboksi ya viatu, wenyewe wanavigawa kwa bei ya soda. Kwa mwanafunzi ni neema. Tatizo ni kwamba vingi vimepakwa haraka haraka. Uso una doa jekundu pahali pa mdomo, macho yanatazama pande mbili, joho la mchawi lina rangi moja kama gunia. Ndiyo maana tunavipaka upya.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Pale mezani petu kuna jamaa wawili wanaoshikilia kwamba kabla ya kugusa brashi lazima uondoe rangi yote ya kiwandani mpaka plastiki ibaki uchi. Ukipaka juu yake wewe ni mvivu. Na kwa kuiondoa wanatumia chochote: mafuta ya breki, dawa ya kusafishia oveni, dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ndani ya chumba cha bweni, Februari, dirisha limefungwa kwa sababu nje ni baridi ya kukata masikio. Jamani!

Mimi nasema hapana, na sababu zangu si uvivu.

Ya kwanza ni plastiki yenyewe. Hivi visanamu si plastiki ngumu kama ile ya vifaa vya kuunganisha ndege za kuchezea. Ni PVC laini, ndugu yake bomba la maji, ila imetiwa kilainishi ili upanga ukidondoka sakafuni upinde badala ya kuvunjika. Kilainishi hicho hakijafungwa kabisa ndani ya plastiki, kinaweza kuhama. Ukiitia PVC kwenye asetoni inavimba na kulegea, na ule uso ulioutaka unaharibika kwanza kwa sababu ndio mwembamba. Sasa umekwangua rangi ili uone sura vizuri, na sura yenyewe imeondoka nayo. Mafuta ya breki nayo yanawasha ngozi na macho, na ukishayatumia huna pa kuyamwaga. Kuyamwaga kwenye sinki ambalo watu wanaoshea vyombo vya ugali, hiyo sikubali hata kwa dragoni wa dhahabu.

Ya pili ni kwamba hakuna cha kuondoa. Rangi ya kiwandani kwenye vingi vya hivi ni nyembamba kuliko mnavyofikiri. Shika kimoja kwenye mwanga, tazama mikunjo ya nguo: bado inaonekana yote. Kilichokosekana ni kivuli na umakini, si nafasi. Tena rangi ile imeshika PVC vizuri kuliko rangi yoyote utakayonunua dukani. Unao msingi wa bure, unaung'oa wa nini?

Ya tatu mtaniona wa ajabu. Pindua kisanamu, chini ya kitako imeandikwa kimetengenezwa China. Rangi ile haikudondoka kutoka mbinguni. Kuna mtu kakaa kwenye mstari wa kiwanda, kapuliza rangi juu ya kifuniko chenye matundu, kagusa mkanda kwa brashi, akasukuma kinachofuata. Kwa muda aliopewa, mimi nisingefika hata kwenye buti. Watu wanavyomcheka "mpaka rangi wa kiwandani" hapa mezani huwa inanikera, kwa kweli. Mkanda ukiwa umepakwa vizuri mimi nauacha kama ulivyo, napaka vilivyobaki.

Basi maandalizi ni nini? Kwanza kuosha, na hapo sina mzaha. Plastiki inapotoka kwenye kalibu huwa na mafuta yaliyowekwa ili isigande, na juu yake kuna mafuta ya vidole vya watu wote waliokicheza tangu 2003. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, sugua kwenye makwapa na chini ya joho, suuza, acha kikauke usiku kucha. Rangi nyingi "zinazobanduka" mnazolalamikia zinabanduka hapa.

Halafu mshono, ule mstari unaopita ubavuni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Msasa haufai, PVC laini inatoa manyoya kama sweta la mtumba. Tumia kisu kidogo chenye makali mapya, ukate kama unamenya embe, taratibu, ukielekeza makali mbali na kidole. Kisu butu ndicho kinachokata watu. Mshono ukipita katikati ya uso, uache.

Mikuki iliyopinda ni maji ya moto. Chemsha birika, mimina kwenye bakuli, tumbukiza kwa nusu dakika hadi dakika moja, toa kwa kijiko, nyoosha, kisha mara moja kwenye maji yenye barafu. Inakaa. Vile vya HeroClix vyenye kitako cha kuzungusha namba usivizamishe vyote, vishike kichwa chini miguu juu ili maji yasiingie kwenye kitako. Na kama unataka kuviuza baadaye, usipake chini ya kitako, maana pale ndipo panapoonyesha ni cha toleo gani na ni adimu kiasi gani.

Mwisho rangi ya msingi, na hapa ndipo watu wanapoumia. Zile za kopo la kupuliza, baadhi yake zikikutana na kilainishi cha PVC hazikauki. Wiki nzima kisanamu kinanata kama halua. Mimi naona bora ya maji, ya kupaka kwa brashi, mfano ile ya Vallejo ya Uhispania yenye poliurethani ndani, kwa kuwa inapinda pamoja na mkuki bila kupasuka. Pasi moja nyembamba. Ukiona bado unaona rangi ya kiwandani kwa chini, sawa, ndivyo inavyotakiwa.

Nakubali kuna wakati lazima ukwangue. Umekinunua kwa mtu aliyekipaka mara tatu kwa rangi ya ukutani, uso umejaa kama keki, hapo huna la kufanya. Tumia spiriti kwa muda mfupi na mswaki, au sabuni ya kusafishia jikoni ya Simple Green, uwe na glavu na dirisha wazi, hata kama mwenzako wa chumbani analia baridi. Lakini hicho ni kimoja katika hamsini. Hawa jamaa zangu wanakwangua hamsini katika hamsini, na hadi leo sijaona hata kimoja walichomaliza kupaka. Viko vyeupe kwenye dirisha tangu Oktoba.

Jumamosi tunacheza, nitapeleka mazimwi manne niliyopaka juu ya rangi ya kiwandani, wayatazame wenyewe. Halafu mdau mwenye ujuzi anisaidie kitu kimoja: mikuki mirefu naiweka sawa kwa maji ya moto, ila baada ya miezi miwili mitatu inaanza kuinama tena polepole. Kuna aliyejaribu kuikata na kuweka waya kwa supagluu?